Kutazama Mali ya Walioshindwa

Kusini mwa Uhispania liko jimbo liitwalo Andalusia. Jina hilo lilitoka katika Al-Andalus, jina ambalo Waislamu waliipa nchi waliyoitawala huko tangu mwaka 711. Kila mwaka mamilioni ya watu kutoka pande zote za dunia huingia katika miji yake mikubwa ya Córdoba, Granada na Sevilla kutazama majengo ya kale. Hulipa kiingilio, hupanga mstari, huinua macho, hustaajabu, hupiga picha, kisha hurudi makwao. Kwa dhahiri, hapana jambo jepesi kuliko hili. Macho hayatozwi ushuru, wala kustaajabu si dhambi.

Walakini nyuma ya jambo hili jepesi limekaa swali zito. Majengo mashuhuri ya Andalusia, sehemu kubwa, yalijengwa na watu ambao wana wao walifukuzwa. Yakatwaliwa na watu waliowafukuza. Na leo hutazamwa na watu wasiokuwa wa upande huu wala wa upande ule. Je, mtazamaji hufurahi kwa haki gani? Furaha yake ni safi, au ana sehemu katika dhuluma ambayo mkono wake haukuitenda? Na yule mwenye jengo leo, ana haki gani juu yake, na haki gani hana?

Wako wanaojibu kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wako wengine wanaojibu kwamba kilichotwaliwa kwa nguvu hakina budi kurudishwa. Majibu haya yote mawili yana chembe ya kweli, na yote mawili hayatoshi. Nia ya insha hii ni kuyapima kwa mizani ya majengo yenyewe, kwa maana mawe ni mashahidi wasiojua kupendelea.

Tuanze na Córdoba. Msikiti Mkuu wa mji huo ulianza kujengwa katika miaka ya 780 kwa amri ya Abd al-Rahman wa Kwanza, kijana wa ukoo wa Bani Umayya aliyenusurika jamaa zake walipouawa huko Shamu, akakimbilia magharibi, akajifanyia ufalme mpya. Watawala waliomfuata waliupanua msikiti, na upanuzi mkubwa wa mwisho ulifanywa na waziri al-Mansur mnamo mwaka 987. Ndani yake husimama nguzo zaidi ya 800. Juu ya nguzo pana tao, na juu ya tao pana tao jingine, mawe meupe na matofali mekundu yakipokezana, hata aingiaye hudhani ameingia katika shamba la mitende lisilokuwa na mwisho.

Lakini nguzo hizo zafaa kutazamwa kwa karibu. Nyingi za sehemu ya kwanza hazikuchongwa kwa ajili ya msikiti. Zilichukuliwa kutoka majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, watu waliotawala nchi hiyo kabla ya Waislamu. Ndiyo sababu hazilingani kwa rangi wala kwa unene, na vichwa vyake havifanani. Zilikuwa fupi mno kwa jumba kubwa kama lile, na mafundi wakaongeza tao la pili juu ya la kwanza ili dari ipate kwenda juu. Uzuri unaostaajabisha dunia ulizaliwa na upungufu wa mali ya watu wengine. Jengo hili, basi, kabla halijatwaliwa lilikuwa limekwisha kutwaa.

Mwaka 1236 Mfalme Ferdinand wa Tatu wa Castilla aliushinda mji wa Córdoba, na msikiti ukafanywa kanisa kuu. Kwa muda wa karibu miaka 300 washindi waliweka madhabahu na vikanisa humo ndani bila ya kuiharibu sana sura ya jumba. Mwaka 1523 askofu aliazimia kubomoa sehemu ya katikati ili ajenge kanisa refu la mtindo wa Kizungu. Hapo likatokea jambo la kukumbukwa. Baraza la mji, watu wa dini moja na askofu, wana wa wana wa washindi wenyewe, walipinga kwa ukali. Walitangaza adhabu ya kifo kwa fundi yeyote atakayethubutu kubomoa. Shauri likapelekwa kwa Mfalme Charles wa Tano, naye akampa askofu idhini. Husimuliwa kwamba mfalme huyo alipofika baadaye na kuiona kazi alijuta, akawaambia kuwa wameharibu kitu kisichokuwa na mfano ili wajenge kitu kinachopatikana popote. Kama maneno hayo aliyasema au alitungiwa, kanisa liko pale pale mpaka leo, limesimama katikati ya msikiti.

Kuna kisa kingine cha mji huo ambacho kina mafunzo makubwa zaidi. Mwaka 997 al-Mansur aliushambulia mji wa Santiago de Compostela, mahali patakatifu pa Wakristo katika kaskazini ya Uhispania. Wanahistoria wa kale wanasimulia kwamba kengele za kanisa la huko zilipelekwa Córdoba mabegani mwa mateka Wakristo, zikafanywa taa za msikiti. Miaka 239 baadaye, Ferdinand alipoushinda mji, aliamuru kengele hizo zirudishwe Santiago, nazo zikarudi mabegani mwa mateka Waislamu.

Kisa hiki kinatosha kuwajibu wale wasemao kwamba dawa ya dhuluma ya kale ni kurudisha tu. Kengele zilirudi kwa wenyewe. Kwa hesabu ya mali, haki ilitimia. Lakini kwa hesabu ya watu dhuluma ilikuwa mara mbili, maana mabega yaliyozichukua katika safari ya pili hayakuwa ya al-Mansur. Al-Mansur alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1002. Waliobeba walikuwa watu ambao hawakuziiba. Kitu kilirudi mahali pake, lakini mateso hayakurudi popote. Yalihamia tu kutoka bega moja hadi bega jingine.

Tukisema leo kwamba jengo la Córdoba lirudishwe, tutaulizwa: lirudishwe kwa nani? Kwa Waislamu, nao walijenga kwa nguzo za Wavisigothi na Warumi? Kwa Wavisigothi, nao wamepotea kama moshi? Kila mwenye kudai nyuma yake yuko mwenye kudai mwingine. Mtu anayetaka kufika kwenye mwenye haki wa kwanza ni kama anayemenya kitunguu akitafuta kokwa. Atatoka machozi, na mwisho atabaki na mikono mitupu.

Basi, je, washinde wale wasemao kwamba muda umekwisha kuitakasa dhuluma? Hasha. Hoja yao ina hatari kubwa kuliko ya wenzao. Kama muda peke yake unaweza kuigeuza dhuluma kuwa haki, mnyang'anyi hana haja ya kutubu. Ana haja ya kungoja tu. Saa haina dhamiri, wala kalenda si kadhi. Kinachozaa haki ya kukaa na kitu si muda, bali ni kazi inayofanywa ndani ya muda huo.

Kwa maoni yangu, kazi hiyo ni utunzaji. Wale wazee wa baraza la mwaka 1523 hawakujenga msikiti, wala hawakuwa na dini ya walioujenga. Lakini walizaliwa karibu nao, wakacheza katika kivuli chake, wakaupenda, na siku ya hatari wakaweka vitisho vyao vyote mbele yake kuulinda. Mwezi wa Agosti 2025 moto ulipozuka katika sehemu moja ya jengo hilo, wazima moto wa mji ndio waliokimbia kuuzima kabla haujaenea. Mtu anayekitunza kitu kizazi baada ya kizazi hupata haki juu yake. Si haki ya yule aliyekijenga, lakini ni haki. Aliyekilea chema, ijapokuwa hakukizaa, hawezi kuambiwa kwamba si kitu.

Lakini kila haki ina mpaka, na hapa ndipo ulipo mpaka wa haki ya mtunzaji. Haki ya kutunza hupatikana. Haki ya kunyamaza haipatikani. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kinachotunzwa ni kazi ya watu fulani. Anayelificha jina la watu hao hatunzi kitu kile tena; anatunza kitu kingine alichokibuni yeye. Ya pili ni nzito zaidi. Dhuluma ya mwaka 1236 ilitendwa na watu ambao sasa ni mavumbi, wala hapana mtu aliye hai anayeweza kuitendua. Kimya cha leo hutendwa na walio hai, nao wanaweza kukiacha leo. Hatuulizwi juu ya upanga wa babu zetu. Tutaulizwa juu ya ulimi wetu.

Jambo hili si la kufikiri tu. Mwaka 2006 Kanisa liliandikisha jengo la Córdoba kwa jina lake katika daftari la serikali la milki. Kwa miaka kadhaa karatasi walizopewa wageni zilitaja kanisa kuu na kulipunguzia nafasi neno msikiti. Watu wengi walilalamika, na wengi wao walikuwa wenyeji wa Córdoba wenyewe, watu wa malezi ya Kikristo, kama lile baraza la mwaka 1523. Baadaye neno hilo lilirudishwa mahali pake. Jina ni kitu chepesi. Halina thamani sokoni, wala halizuii mvua isivuje. Hata hivyo, jina ndilo deni dogo kuliko yote, na asiyelipa deni dogo ataaminiwaje na kubwa?

Iko pia habari ya sala. Waislamu waliopeleka maombi ya kusali katika jengo hilo wamekataliwa. Hili ni jambo gumu, na mtu mwenye insafu hataliamua kwa hasira. Mwenye nyumba ya ibada ana haki ya kuweka utaratibu wa ibada nyumbani mwake; msikiti wowote ungetaka haki hiyo hiyo. Lakini hana haki ya kumwambia mwombaji kwamba ameomba bila ya sababu. Kukataa kunaweza kuwa na adabu, na kunaweza kukosa adabu. Tofauti yake iko katika kukiri.

Sasa twende Granada, mji wa mwisho wa Waislamu katika nchi hiyo. Juu ya kilima chake limejengwa jumba la Alhambra, na maana ya jina lake la Kiarabu ni nyekundu. Ukoo wa Bani Nasri ulianza kulijenga mwaka 1238, na uzuri wake mkubwa ulifanywa katika karne ya 14 na masultani Yusuf wa Kwanza na Muhammad wa Tano. Huko ndiko uliko ua wenye simba 12 wa mawe wanaobeba bakuli la maji. Katika kuta za jumba imechorwa mara nyingi, hata macho huchoka kuhesabu, kauli ya ukoo ule: hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu.

Mwezi wa Novemba 1491 sultani wa mwisho, Boabdil, alifanya mkataba na Malkia Isabel na Mfalme Ferdinand. Tarehe 2 Januari 1492 mji ukatolewa bila ya kumwaga damu. Mkataba uliahidi kwamba Waislamu wataachiwa dini yao, misikiti yao, mali yao na sheria zao. Tarehe 31 Machi ya mwaka ule ule ikatolewa papo hapo Granada amri ya kuwafukuza Wayahudi katika nchi nzima. Mwaka 1499 Kardinali Cisneros alianza kubatiza Waislamu kwa nguvu, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani. Mwaka 1502 Waislamu wa Castilla waliambiwa wachague ubatizo au safari. Wana wa waliobaki wakabatizwa, walioitwa Wamorisko, walitozwa kodi, na sehemu ya kodi hiyo ilitumiwa kujengea jumba jipya la Charles wa Tano lililoanzwa mwaka 1527 ndani ya boma la Alhambra. Hatimaye, kati ya mwaka 1609 na 1614, Wamorisko takriban 300,000 walifukuzwa Uhispania.

Mtazamaji Mwislamu asomaye habari hizi hushikwa na uchungu, na uchungu wake ni halali. Lakini ajihadhari uchungu usimfanye kipofu wa jicho moja. Katika Granada hiyo hiyo, mwaka 1066, watu wa mji waliwaua Wayahudi wengi pamoja na waziri wao Yusuf, mwana wa Samuel. Mji wa kifalme wa Madinat al-Zahra, ulioanzwa karibu na Córdoba mwaka 936, haukubomolewa na Wakristo. Uliporwa na kuteketezwa katika vita vya Waislamu kwa Waislamu baada ya mwaka 1009. Ibn Rushd, mwanafalsafa mkubwa aliyezaliwa Córdoba mwaka 1126, alihamishwa katika uzee wake na vitabu vyake vikachomwa, na aliyeamuru alikuwa khalifa wa dini yake. Ile kauli ya ukutani, basi, haiwashtaki walioshinda mwaka 1492 peke yao. Iliwashtaki kwanza walioiandika.

Sevilla inatuonyesha upande mwingine wa mambo. Mnara wa msikiti wake mkuu, uliokamilika mwaka 1198, uliachwa usimame msikiti ulipobomolewa ili kanisa kuu lijengwe. Ndani ya mnara huo hakuna ngazi isipokuwa juu kabisa; pana njia ya kupanda kwa mzunguko, ambayo hata mtu juu ya farasi angeweza kuipita. Mwaka 1568 kichwa chenye kengele kilimalizwa juu yake, nao ukaitwa Giralda. Katika mji huo huo Mfalme Pedro wa Castilla alijijengea jumba tangu mwaka 1364. Huyu alikuwa Mkristo na mwana wa washindi. Hata hivyo aliita mafundi wa Kiislamu, wengine kutoka Granada kwa mshirika wake Muhammad wa Tano, wakampambia kuta kwa maandishi ya Kiarabu yanayomsifu yeye kwa cheo cha sultani. Aliyeshinda kwa upanga alishindwa na uzuri. Tendo lake linatuambia kwamba chuki kati ya watu hawa haikuwa sheria ya maumbile. Ilikuwa hiari, na siku nyingine walihiari vingine.

Wasomaji wa Kiswahili wasidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Granada mnamo mwaka 1350, na mtu aliyeziandika safari zake, Ibn Juzayy, alikutana naye katika mji huo. Kilwa iliporwa na Wareno mwaka 1505, miaka 13 tu baada ya Granada kutolewa. Na Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, wakati taji la Ureno lilipokuwa juu ya kichwa cha mfalme wa Uhispania, Philip wa Pili. Leo sisi ndio watunzaji wa ngome hiyo. Tunaitengeneza, tunawatembeza wageni, tunajivunia. Tulijengewa na adui, tukairithi kwa kuitunza. Haki tunayoidai juu ya mawe ya Mombasa hatuwezi kuwanyima watu wa Córdoba juu ya mawe yao; na ukweli tunaoudai kwao juu ya waliojenga, na sisi hatuna budi kuusema kwetu, pamoja na habari za wale waliofungwa na kuteswa humo na kila mtawala aliyepita.

Narudi sasa kwa mtazamaji. Watazamaji wa Andalusia ni wa namna nyingi. Yuko anayetazama marembo peke yake. Kwake tao ni tao, na waliolijenga wangeweza kuwa malaika au majini. Yuko aliaye kwa ajili ya upande wake, na machozi yake hayamtoki kwa ajili ya upande mwingine. Yuko ashangiliaye, kila tarehe 2 Januari Granada huadhimisha siku ya kutwaliwa kwa mji, na kila mwaka watu wa mji hubishana kama sherehe hiyo ni ya fahari au ya aibu. Watu hawa wanaonekana mbalimbali, lakini wana ila moja. Kila mmoja amechagua sehemu ya jengo atakayoiona, na iliyobaki ameifumbia macho.

Mtu ambaye hakushinda wala hakushindwa hana hatia ya upanga. Lakini kutojua kwa kupenda ni tendo lake mwenyewe, nalo halina mtu mwingine wa kulibeba. Akiingia katika jumba la Córdoba na asitake kujua nguzo zilitoka wapi, ni nani waliosali hapo, ni nani waliotolewa na ni nani waliolilinda lisibomolewe, atakuwa amekubaliana na kimya. Akitaka kujua, furaha yake haitapungua. Tao halipotezi wekundu wake kwa kujulikana kwamba nguzo iliyo chini yake ilitwaliwa. Naona, badala yake, kwamba huongezeka uzito, kama vile uso wa mzee unavyozidi kupendeza kwa mtu anayejua mambo yaliyompata.

Dhuluma haiondoi uzuri katika kitu kizuri, wala uzuri hauiondoi dhuluma. Mwenye akili hukaa na vyote viwili bila ya kukitumia kimoja kukifunika cha pili. Haya si mepesi, maana moyo hupenda kupumzika upande mmoja. Lakini kiingilio kilipwacho mlangoni ni gharama ya paa na mfagizi tu. Deni la waliojenga, la waliofukuzwa na la waliotunza halipokewi mlangoni; hulipwa baadaye, mtu anapoulizwa nyumbani ameona nini, akasema yote.